Je, aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa siku zote? Historia ya neno lililofika hadi kwetu

Goma, Kivu ya Kaskazini. Kila mahali ambapo wahami wa vita wanakusanyika, iwe shuleni, kanisani ama katika familia zilizowapokea, hakukosi mama mwenye mimba ambaye mtoto wake wa kwanza alitoka kwa operesheni. Mama huyo anaulizwa maswali mawili. Majirani wanamuuliza kama atapasuliwa tena. Muganga anamuuliza alipasuliwa wapi, na kwa sababu gani. Swali la muganga mara nyingi linakosa jibu, kwa sababu karatasi ya hospitali ilibaki Masisi, Rutshuru ama Djugu, katika nyumba iliyochomwa ama iliyofungwa mbiombio.

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba ukipasuliwa mara moja, basi ni siku zote. Wengine wanasema kinyume: mwanamke shupavu anazaa mwenyewe, operesheni ni biashara ya hospitali. Ndugu wasikilizaji, maneno hayo yote mawili yana historia yake. Tukiifuata, tutaona kwamba kovu halikuwahi kuamua peke yake. Tangu zamani, mambo mawili ndiyo yaliyoamua: namna kizazi kilivyokatwa na kushonwa, na umbali kati ya mama na chumba cha upasuaji.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, 1879

Watu wengi wanadhani sezarieni ililetwa Afrika na Wazungu. Lakini mwaka 1879, ng'ambo ya Ziwa Albert, katika ufalme wa Bunyoro unaotazamana na Ituri yetu, mmisionari Mwingereza Robert Felkin aliyekuwa na masomo ya udaktari alishuhudia waganga wa huko wakimpasua mama mwenye umri wa miaka 20 hivi, mimba yake ya kwanza. Aliandika alichokiona, na maandishi yake yalichapishwa Edinburgh mwaka 1884.

Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa. Muganga akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akaosha na tumbo la mama. Akapasua kutoka juu kwenda chini, huku msaidizi wake akizuia damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, kisha kondo la nyuma, na kizazi kikakandwa ili kijikaze. Ngozi ya tumbo ikafungwa kwa pini za chuma na nyuzi za gome la mti, halafu kidonda kikapakwa dawa ya mizizi. Siku ya 11, Felkin alipoondoka, mama na mtoto walikuwa wazima. Aliyoyaona yalikuwa kazi ya watu waliozoea, wala si jaribio la siku hiyo.

Tuangalie hapo jambo moja. Ngozi ilifungwa, lakini kizazi hakikushonwa. Hata Ulaya, wakati huo, waganga wengi walikiacha vivyo hivyo, na wengi wa akina mama waliopasuliwa huko walikufa kwa damu ama kwa kidonda kuoza. Mwaka 1876, kule Pavia, Italia, Docta Eduardo Porro aliona afadhali kukiondoa kizazi chote mara baada ya kumtoa mtoto. Mama aliweza kupona, lakini hakuzaa tena. Ni mwaka 1882 ndipo Max Sänger wa Leipzig, Ujerumani, alipoeleza namna ya kukishona kizazi vizuri kwa nyuzi.

Swali letu lilianzia hapo. Mama alipoanza kupona huku kizazi chake kikiwa kimebaki, mimba ya pili iliwezekana. Na mimba ya pili ikaleta hofu mpya: je, uchungu ukianza, ule mshono utastahimili?

Neno la New York, 1916

Msemo wa kwamba ukipasuliwa mara moja ni siku zote una mwenyewe. Mwaka 1916, Docta Edwin Cragin wa New York aliutumia katika hotuba iliyochapishwa katika gazeti la waganga wa mji huo. Ulienea dunia nzima, ukaingia katika vitabu vya shule za udaktari na za ukunga, mpaka ukafika katika maternite zetu.

Lakini tukiangalia maneno yake yote, Cragin hakuwa anatoa amri kwa mama aliyekwisha kupasuliwa. Alikuwa anawaonya waganga wenzake: msifanye haraka kumpasua mama mara ya kwanza, kwa sababu uamuzi huo utamfuata katika mimba zake zote. Yeye mwenyewe alikiri kwamba watu wa kutofautiana na kanuni hiyo ni wengi, na kwamba mama mmoja aliyemhudumia alizaa mara 3 kwa njia ya kawaida baada ya operesheni. Onyo kwa waganga likageuka kuwa hukumu kwa wazazi. Nusu ya kwanza ya ujumbe, ile ya kutompasua mama bila sababu, ikasahauliwa njiani.

Hofu ya Cragin ilikuwa na msingi. Wakati wake, kizazi kilikatwa wima, kutoka juu kwenda chini, katika sehemu ya juu yenye nyama nene. Sehemu hiyo ndiyo inayojikaza kwa nguvu wakati wa uchungu. Kovu la pale huvutwa kila uchungu unapokuja. Kwa mkato wa namna hiyo, kati ya akina mama 100 wanaoingia katika uchungu, kizazi kinaweza kupasuka kwa 4 hadi 9. Kikipasuka, mtoto anaweza kufa kwa dakika chache, na mama akamwaga damu ndani ya tumbo bila watu wa nje kuona hata tone.

Mkato wa chini

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Docta John Munro Kerr wa Glasgow, Scotland. Katika miaka ya 1920 aliwasihi wenzake wakate kizazi kwa upande, yaani kwa kulala, katika sehemu ya chini iliyo nyembamba. Sehemu hiyo haijikazi sana wakati wa uchungu, hutoa damu kidogo, na hupona vizuri zaidi. Ilichukua miaka mingi kukubaliwa, lakini leo ndiyo njia ya kawaida karibu katika kila hospitali ya dunia, hata katika hospitali zetu kuu za rufaa.

Kwa mkato huu wa chini, hatari ya kupasuka wakati wa uchungu ikashuka kuwa chini ya mama 1 kwa 100, pale ambapo mama anaangaliwa vizuri. Kwa hiyo, mtu aliyerithi neno la 1916 bila kurithi habari ya mkato mpya anatumia sheria ya kovu la zamani kwa kovu la leo.

Hapa wengi wanakosea. Kovu linaloonekana kwenye ngozi halisemi kitu kuhusu kovu la ndani. Mama anaweza kuwa na alama ya kulala juu ya ngozi huku kizazi chake kikiwa kimekatwa wima, ama kinyume chake. Hakuna shangazi wala jirani anayeweza kusoma kovu la ndani kwa kutazama tumbo. Hata muganga hawezi kulijua kwa hakika kwa kutazama nje tu. Anayelijua ni yule aliyepasua, na karatasi aliyoiandika.

Kongo: maternite, Kasongo, na zoni za afya

Wakati wa Wabelgiji, maternite zilienea katika misioni, katika makampuni ya migodi na katika vituo vya serikali. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Kongo haikuwa na madaktari wazalendo wenye diploma kamili. Kulikuwa na wasaidizi wa waganga, wauguzi na wakunga, na ndio waliobeba hospitali nyingi Wabelgiji walipoondoka. Katika hali hiyo, kuliko kuuliza kama mama mwenye kovu anaweza kuzaa kawaida, mama alipaswa kwanza kuuliza kama kuna mtu wa kupasua, na kwa mwendo wa siku ngapi.

Swali hilo la umbali lilichunguzwa kwa makini Kasongo, katika Maniema. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970, timu ya Wakongomani na Wabelgiji ilijenga huko mpango wa vituo vidogo vya afya vinavyoizunguka hospitali moja. Muuguzi wa kituo alimpokea mama mwenye mimba, akamuuliza habari za uzazi wake wa nyuma, na akiona hatari akamtuma hospitali. Baadaye timu ilihesabu. Ikakuta kwamba kati ya akina mama waliokwamishwa na uchungu, 71 kwa 100 hawakuwa na alama yoyote ya hatari katika historia yao ya uzazi. Na kati ya wale waliohesabiwa kuwa na hatari, 90 kwa 100 walizaa bila kukwama.

Somo la Kasongo ni la thamani hata leo. Habari za nyuma za mama zinasaidia, lakini haziwezi kutabiri kila kitu. Kinachookoa ni njia ya kufika hospitali kabla ya kuchelewa, kwa mama yeyote. Mawazo ya aina hiyo yalichangia mpango wa nchi nzima: katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zoni 306 za afya, kila moja ikitakiwa kuwa na hospitali kuu ya rufaa yenye uwezo wa kupasua.

Kabla ya hapo, mwaka 1972, chombo kingine kilitoka Afrika yenyewe. Madaktari Philpott na Castle, waliofanya kazi katika mji ambao leo unaitwa Harare, Zimbabwe, walieleza karatasi ya kufuatilia uchungu yenye mistari miwili: mmoja wa kuonya, mwingine wa kuchukua hatua. Wakunga wetu wanaiita patogramu. Kwa mama mwenye kovu, karatasi hiyo ni macho ya mkunga. Uchungu ukienda polepole kupita mstari, hakuna kusubiri mpaka asubuhi.

Mwaka 1997 watafiti walikusanya taarifa za hospitali mbalimbali za Afrika kusini mwa Sahara kuhusu akina mama waliojaribu kuzaa kawaida baada ya sezarieni. Karibu 69 kwa 100 walifaulu. Lakini kovu lilifunguka ama kupasuka kwa karibu mama 2 kwa 100, zaidi ya ilivyoandikwa katika nchi tajiri. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana hapa kwetu, na wengi wanafaulu. Lakini mama analipa zaidi pale ambapo uangalizi ni hafifu na chumba cha upasuaji kiko mbali.

Marekani walikwenda, wakarudi

Nchi tajiri nazo hazikutulia. Marekani, mwaka 1970, akina mama waliopasuliwa walikuwa kama 5 kwa 100. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikaribia 25 kwa 100, na sababu moja kubwa ilikuwa neno lilelile la 1916: kila aliyepasuliwa alirudishwa kisuni. Mwaka 1980 wataalamu wa huko walikutana wakasema kwamba mama mwenye kovu la chini anaweza kuruhusiwa kujaribu. Kufikia mwaka 1996, karibu 28 kwa 100 ya wenye kovu walizaa kawaida.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2001 uchunguzi mkubwa wa jimbo la Washington ulionyesha tofauti ambayo kila mkunga wa Kivu na Ituri anapaswa kuijua. Uchungu ulipoanza wenyewe, kizazi kilipasuka kwa mama 5 hivi kati ya 1,000. Uchungu ulipolazimishwa kwa dawa za aina ya prostaglandini, ilikuwa mama 24 hivi kati ya 1,000. Hospitali nyingi zikaogopa, na miaka michache baadaye waliozaa kawaida baada ya sezarieni walishuka chini ya 10 kwa 100. Mwaka 2010 wataalamu wakakutana tena, wakasema kwamba kujaribu ni chaguo la haki kwa wengi wenye kovu moja la chini, na kwamba mama aelezwe hatari za pande zote mbili.

Dawa ndizo zilizoleta tofauti kubwa kuliko kovu. Wasikilizaji, hapa kwetu kuna mizizi na majani ya kuharakisha uchungu, na kuna vidonge na sindano za uchungu zinazotolewa katika vituo vidogo bila mtu wa kufuatilia. Kwa mama mwenye kovu, kumchochea uchungu nyumbani ama katika kituo kisicho na upasuaji ni kumweka karibu na kupasuka.

Vita na umbali

Historia ya kwetu ina ukurasa ambao New York na Glasgow hazina. Mwezi wa kumi 1996, hospitali ya Lemera, katika Kivu ya Kusini, ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Docta Denis Mukwege, aliyekuwa akifanya kazi huko, alikuwa amechagua kusomea magonjwa ya akina mama baada ya kuwaona wakifika Lemera wakiwa wamechelewa, wengine wakimwaga damu. Baadaye alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999, akitaka mahali ambapo mama anaweza kuzaa na kupasuliwa bila safari ndefu. Vita ikamletea kwanza majeraha mengine, lakini nia ya mwanzo ilikuwa uzazi salama. Mwezi wa tisa 2002, Nyankunde, katika Ituri, yenye hospitali iliyojulikana mbali, ikapatwa na mauaji, na hospitali ikaporwa.

Hospitali ikivunjwa, vitu viwili vinapotea kwa pamoja: meza ya upasuaji, na rafu ya madaftari. Mama aliyepasuliwa pale anabaki na kovu lisilo na shahidi. Akihama, umbali wake na hospitali unabadilika usiku mmoja. Mama ambaye jana angeweza kujaribu kwa usalama, kwa sababu aliishi dakika kumi kutoka hospitali kuu, leo yuko nyuma ya vizuizi vya barabarani, bila moto wa kumbeba usiku. Kovu ni lilelile, lakini hatari imepanda.

Mama afanye nini leo?

Wanawake wa Kongo, kwa uchunguzi wa nchi wa miaka ya 2013 na 2014, walikuwa wakizaa wastani wa watoto 6.6. Hii ndiyo sababu swali hili ni zito kwetu kuliko kule wanakozaa wawili. Kila operesheni inayoongezeka huleta hatari ya kondo kushika juu ya kovu katika mimba inayofuata, na damu nyingi wakati wa kuzaa. Kwa mama ambaye bado atazaa, kufaulu kuzaa kawaida kunamkinga kwa miaka ya mbele. Lakini kujaribu mahali pasipofaa kunaweza kumaliza yote siku moja.

Haya ndiyo yanayotazamwa ili mama ajaribu: awe amepasuliwa mara moja tu, kwa mkato wa chini wa kulala, kizazi kisiwe kiliwahi kupasuka, mtoto awe mmoja, kichwa chini, kondo lisizibe njia, na tangu uzazi uliopita iwe imepita miezi 18 hivi ama zaidi. Aliyewahi kuzaa kawaida, kabla ama baada ya operesheni, ana nafasi nzuri zaidi. Aliyepasuliwa kwa sababu iliyokuwa ya siku ile tu, kama mtoto kukaa matako mbele, ana nafasi kuliko aliyepasuliwa kwa njia kuwa nyembamba. Na kujaribu kufanyike hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu na watu wa kupasua usiku na mchana. Mkato usipojulikana, muganga wa hospitali ndiye wa kupima sababu ya operesheni na kuamua pamoja na mama.

Kwa mama aliye mbali, ni busara kusogea karibu na hospitali wiki za mwisho, kwa ndugu ama katika nyumba ya kusubiria pale ilipo. Aanze CPN mapema, na aseme siku ya kwanza kwamba alipasuliwa. Wapo wanaoficha kwa kuogopa gharama, wakikumbuka wazazi waliozuiliwa hospitalini kwa deni. Serikali ilianzisha mwaka 2023 mpango wa kuzaa bila malipo, ukianzia Kinshasa. Uliza kituo chako kama umefika kwenu. Lakini usifiche kovu.

Uchungu ukianza, dalili hizi hazingoji: maumivu yasiyoisha kati ya uchungu mmoja na mwingine, damu, uchungu kukoma ghafla, mtoto kuacha kucheza, ama mama kuzimia. Bwana, mama-mkwe na viongozi wa kambi wazijue pia, kwa sababu mama mwenyewe hataweza kutafuta usafiri.

Na kwa waganga wetu, ombi moja. Mama anapotoka baada ya sezarieni, andikeni kwa maneno machache katika karatasi yake: tarehe, hospitali, sababu, na mkato ulikuwa wa namna gani. Msomeeni kwa Kiswahili ama kwa lugha yake mpaka aweze kuyarudia kwa kichwa. Mama, piga picha ya karatasi hiyo kwa simu, mtumie dada ama bwana, na nyingine ifunge katika plastiki pamoja na kadi ya mpiga kura. Siku ya kukimbia, mtu hubeba watoto na sufuria. Karatasi hiyo ni nyepesi kuliko vyote, na siku ya uchungu ndiyo itakayomjibu muganga kwa niaba yako.